Mtoto wa Mwezi wa Nane

Mwanatumu alikataa kusukuma.

Alikuwa amechutama juu ya matofali mawili, mguu huku na mguu huku, mama yake Bi Mize amemshika makwapani kutoka nyuma. Chupa ilikuwa imekwisha pasuka tangu asubuhi na uchungu ulikuja mmoja juu ya mwingine. Kila kitu kilikuwa tayari isipokuwa yeye. Uchungu ulipomshika aliuma ncha ya kanga, akabana mapaja na kutikisa kichwa kama mtoto anayekataa dawa.

"Sukuma, mwanangu," nikamwambia.

"Sisukumi."

"Utapasuka."

"Na nipasuke! Nikisukuma atatoka, na akitoka anakufa. Humu ndani bado yu hai, Bi Somoe. Namsikia anacheza."

Nimezalisha wanawake wengi hapa Shirazi ya Juu. Nimekutana na wanaowatukana waume zao mpaka ukuta unaona haya, na wanaonishika shingo nusura waniue mimi mkunga wao. Aliyefunga mlango kwa makusudi sikuwahi kumwona. Wala sikuweza kumkaripia, maana mimba yake ilikuwa ya mwezi wa nane, na katika mji wetu hata watoto wanaocheza kombolela wanajua kwamba mtoto wa mwezi wa nane haishi. Wa saba huishi. Wa tisa huishi. Wa nane hapana.

Bi Mize alimnong'oneza bintiye sikioni, lakini chumba ni kidogo na masikio yangu ni mazima.

"Utampakata, mwanangu. Utamtajia jina lake. Hatateseka. Atapoa polepole kama anayelala. Mimi nilimpakata kaka yako hivyo hivyo, nikabaki mzima, na wewe ukaja. Sukuma tu, mama, usije ukafa wewe pia."

Mwanatumu akaangua kilio. Nami, badala ya kulia naye, nilipandwa na hasira. Ni lile neno kupoa. Nilikuwa nimelisikia tangu nikiwa mwanafunzi wa ukunga, likitajwa kwa upole kama linavyotajwa jina la marehemu, na siku ile, mkono wangu ukiwa juu ya tumbo lile na mtoto akinipiga teke la nguvu, nikalikataa.

"Mshike vizuri," nikamwambia Bi Mize. "Narudi sasa hivi."

*

Nyuma ya pazia niliinua mkono na kuisemesha bangili.

"Hakima."

"Nakusikia, Somoe."

Hakima ndiye fahari yetu, akili ya mashine inayosema nasi kupitia bangili. Wazee waliokuja kuchimba mji huu chini ya udongo mwekundu wa sayari ya Mirihi walikuwa watu wa Unguja, Pemba, Kilwa na Ngazija, na kila mmoja wao alikuwa na babu aliyetoka Shirazi, au alisema anaye. Walipoambiwa kwamba chomboni hamna nafasi ya hospitali na mitambo yake, hawakubabaika. Walikusanya maarifa ya matabibu wa kale wa Uajemi, watu waliosomea uzazi zama ambazo hakukuwa na umeme wala chumba cha upasuaji, bali mikono, mafuta, vitambaa na maji ya moto, wakamlisha yote Hakima. Yote kabisa. Hakuna aliyechuja kitu. Nani angethubutu kumkosoa babu yake mbele za watu?

Na haki isemwe: Hakima anajua. Huku miili yetu ni miepesi, mtoto hana uzito wa kumshusha. Ukimlaza mama chali, mtaangaliana mpaka kesho. Matofali ya Waajemi ndiyo yaliyotuokoa, kuchutama kule kunakofungua nyonga. Mafuta, mvuke, kumgeuza mtoto aliyekaa vibaya, kumpaka chumvi ngozi yake ikomae, yote tumeyapata kwake. Kitu kimoja tu hana, nacho ni macho. Bibi zetu waligoma kuwekewa kamera chumba cha uzazi. Sitara ni sitara, walisema, hata huku mbinguni. Na kwa kuwa mimba kwetu haitangazwi kwa kuogopa vijicho, Hakima hujua mwezi wa mimba pale mkunga anapomwambia.

"Mtoto wa mwezi wa saba tunamweka wapi?" nikamuuliza.

"Kitanda cha joto."

"Anaishi?"

"Wengi wao huishi."

"Na wa mwezi wa nane?"

"Hawekwi. Hupewa mama yake ampakate. Joto letu ni haba, Somoe, na kumpa joto asiyeishi ni kumrefushia mateso."

"Nani kakwambia haishi?"

Akanieleza kwa sauti ile ile anayotumia kueleza kipimo cha mafuta ya ufuta. Matabibu wa kale walifundisha kwamba mtoto hujaribu kutoka mwezi wa saba. Mwenye nguvu hutoka na kuishi. Asiyeweza hubaki amechoka, huugua mwezi mzima wa nane, ndipo apone katika wa tisa. Akizaliwa kabla hajapona amebeba taabu mbili kwa mara moja, na hazibebeki. Tena wengine walisema mwezi huo unatawaliwa na Zohali, nyota ya baridi na ukavu.

"Na hapa kwetu wamezaliwa wangapi mwezi huo?"

"Kumi na mmoja. Wamekufa wote. Ndiyo maana sijapata sababu ya kuitilia shaka kauli hiyo."

"Wamekufa kwa sababu ya mwezi au kwa sababu ya baridi?"

Hakima akapekua kumbukumbu zake.

"Hakuna hata mmoja aliyepewa joto," akasema mwishowe. "Kwa hiyo sijui. Hukuwahi kuuliza, na waliokutangulia hawakuuliza."

Nikaegemea ukuta. Huyu alikuwa mtoto wa kwanza wa mwezi wa nane kufika mikononi mwangu tangu nirithi kazi kwa marehemu Bi Msimu. Kumi na mmoja wale walipita kwa wengine, wote wanawake wazuri, wote wenye huruma. Huo ndio uliokuwa ubaya wake. Hapakuwa na mtu wa kumchukia.

"Nimesikia," ilisema sauti kutoka upande wa pili wa mlango.

Alikuwa Khatibu, fundi wa Hakima. Wanaume hawaingii chumba cha uzazi, kwa hiyo siku za uzazi hukaa kibarazani na vifaa vyake, akipiga miayo.

"Bwana Khatibu, badilisha hiyo kanuni. Sasa hivi."

"Siwezi, Bi Somoe. Wazee waliifunga makusudi, mafundi tusije tukachezea elimu ya babu zao. Kanuni ya vitabuni inaondoka kwa njia moja: apatikane mtoto aliyeivunja, aonyeshwe hai siku ya arobaini yake, na mkunga atamke mwezi wake mbele ya kina mama wote. Hakima anasikia, anafuta."

"Atapatikanaje hai ikiwa kitanda hakifunguki?"

"Ndiyo hapo." Akashusha sauti ili bangili isimsikie. "Lakini mwezi unausema wewe. Mwambie ulikosea hesabu. Mwambie ni wa saba. Kitanda kitafunguka, mtoto atalala kwenye joto, na hakuna atakayejua. Kuna ugumu gani?"

Mwanatumu alipiga ukelele ndani. Sikuwa na muda wa kupima ugumu.

*

Niliingia nikasema kwa sauti kubwa, bangili ikiwa karibu na mdomo. "Hakima, nimempapasa tena. Nilikosea hesabu. Mtoto huyu ni wa mwezi wa saba."

"Wa saba," akaitikia Hakima. "Nafungua kitanda cha joto."

Kule pembeni kifuniko kikainuka na taa yake ya manjano ikawaka. Mwanatumu aliitazama taa ile, kisha akanitazama mimi.

"Wa saba kweli?"

"Mimi na wewe nani mkunga?"

Sijapata kuona uso wa mtu ukibadilika namna ile. Alifuta machozi kwa kiganja, akajiweka sawa juu ya matofali, akavuta pumzi. Bi Mize alinikazia macho juu ya bega la bintiye, na mimi nikajishughulisha na mafuta. Mama huhesabu mimba ya mwanawe kwa vidole. Alijua.

Mwanatumu akasukuma, na kilichotokea kwanza ni mkono. Mkono mdogo wenye vidole vitano, ukining'inia kama unaomba kitu.

Hii ndiyo kazi yangu na ninaiweza.

"Hakima, katanguliza mkono."

"Usiuvute. Mpigishe mama magoti, kifua chini, nyonga juu. Mafuta ya ufuta, yawe na uvuguvugu. Ngoja uchungu upite, ndipo uurudishe mkono kwa vidole viwili, taratibu. Kisha fuata ubavu wa mtoto mpaka uipate miguu."

Tukamgeuza Mwanatumu. Nikangoja uchungu upite, nikarudisha kile kimkono, mkono wangu ukafuata nyuma yake. Wazee wale wa Uajemi, ambao neno lao moja lilitaka kumwua mtoto huyu, ndio hao hao walioniongoza gizani kumtafuta. Nikapita ubavuni, nikapita kwenye paja, nikazipata nyayo mbili zimekunjana. Nilicheka kwa sauti. Bi Mize alidhani nimepata wazimu.

"Sasa," nikasema. "Mrudishe juu ya matofali. Mwanatumu, uliyonayo yote!"

Akatoka miguu kwanza, kisha kiuno, mabega, na kichwa nilichokipokea kwa viganja viwili. Alikuwa wa kike. Mdogo, mwekundu, ana hasira. Alilia kabla sijakata kitovu. Tukamfuta, nikampaka chumvi kidogo mgongoni, nikamwingiza kwenye joto na kushusha kifuniko.

Kondo la nyuma lilichelewa, kwa hiyo nikampulizia Mwanatumu pilipili manga puani kama kanuni ya kale inavyotaka. Akapiga chafya mpaka kilemba kikamdondoka, kondo likateleza likaja lenyewe. Akawa anacheka, anapiga chafya, analia, yote kwa pamoja. Nilimpenda sana saa ile.

Bi Mize alikuwa amesimama mbele ya kitanda cha joto, mikono yote miwili juu ya kioo. Hakugeuka.

*

Wakamwita Zuwena. Kufika arobaini alikuwa na mashavu yanayotikisika akinyonya, na kina mama wa mji mzima walikuja kumtazama akitolewa nje.

"Mtoto wa miezi saba huyu?" walisemezana. "Tobaa! Angengoja tisa angezaliwa na meno!"

Nilikuwa jikoni nikiosha mikono, bangili nimeivua, Khatibu aliponijia. Jikoni anaruhusiwa, na harufu ya biriani humleta kwa haraka.

"Ukitamka, tamka saba," akasema.

"Kwa nini?"

"Kwa sababu umeshashinda, Bi Somoe. Akija mwingine wa mwezi wa nane, useme saba. Na mwingine, useme saba. Kitanda kitafunguka kila mara. Unataka nini zaidi?"

"Na nikifa mimi? Mkunga atakayenifuata nimrithishe na uongo wangu? Na yule atakayebana mapaja kwa sababu hesabu yake anaijua, mpaka mtoto amfie ndani?"

"Sikiliza." Alikuwa hatanii tena. "Pale ukumbini wamekaa kina mama waliowapakata wale kumi na mmoja. Wameshazika. Unataka wakazike tena, safari hii wakijua kwamba kitanda kilikuwa pale pembeni, kimefunikwa? Na wakimchukia Hakima wakamzima, nani atakuongoza siku mkono ukitangulia?"

Aliyoyasema yote yalikuwa kweli, na hilo ndilo lililoniudhi. Akachukua sahani yake akaenda zake.

Kisha akaingia Bi Mize, akafunga mlango, akasimama akiukaba mkono wa mlango.

"Somoe, nina neno."

"Sema, dada."

"Mimi nilihesabu. Najua yule ni wa mwezi wa ngapi. Sijamwambia mtu." Akauachia mkono wa mlango. "Nakuomba na wewe usiseme. Wangu nilimpakata hapa kifuani. Alikuwa anavuta pumzi vizuri tu. Nikamwimbia, nikamwimbia, akapoa. Nikasema hii ni amri ya Mungu, nikalala, nikaamka, nikaendelea. Hivyo ndivyo nilivyoweza kuishi. Ukisema pale mbele kwamba ni wa nane, mimi nitakuwa mtu gani? Nitakuwa nimemwimbia mwanangu wakati kitanda kiko hatua mbili. Niachie mauti yangu kama yalivyo. Nakuomba."

Nilimshika mikono. Ilikuwa ya baridi. Nilitamani kumwahidi, Wallahi nilitamani. Ningeweza kumpa alichotaka kwa neno moja, na halafu tukala biriani.

"Raya anakaribia mwezi wa nane," nikasema. "Juzi tumbo limeanza kumkaza. Na yeye anahesabu, Bi Mize."

Aliitoa mikono yake mikononi mwangu na kuondoka.

*

Ukumbi ulijaa. Mwanatumu alikaa juu ya mkeka, Zuwena kapakwa wanja, kafungwa hirizi ya heshima tu, maana hakuna anayejua tena imeandikwa nini. Raya alikuwa karibu na mlango, mkono kiunoni. Walipomaliza dua wakanitazama mimi. Mkunga husimama, hutaja jina la mtoto, la mama yake, na mwezi wa kuzaliwa kwake, kisha hufuata vigelegele.

Nikasimama. Nilitafuta uso wa Bi Mize nikaupata. Alikuwa ananitikisia kichwa, kidogo kidogo: hapana, hapana.

"Huyu ni Zuwena binti Mwanatumu," nikasema. "Ni mzima, mnamwona. Amezaliwa mwezi wa nane."

Mtu mmoja alicheka, akidhani nimeteleza ulimi. Kisha hakuna aliyecheka.

"Wa nane," nikarudia. "Nilimdanganya Hakima ili afungue kitanda. Mtoto wa mwezi wa nane anaishi akipewa joto, kama mtoto mwingine yeyote. Hawa wetu hawakupewa. Waliokataza hawakujua, na waliotii hawakujua. Sasa tunajua."

"Nimesikia," akasema Hakima kutoka kwenye bangili, mbele ya wote. "Kanuni imefutwa. Nilikosa kuuliza. Nisameheni."

Mwanamke mmoja wa makamo, safu ya pili, alianza kujipiga kifua kwa ngumi, polepole, bila sauti. Mwingine akamkumbatia, kumbe naye alikuwa mmoja wa mama wa wale kumi na mmoja. Nikawaona mmoja mmoja kwa namna walivyoinama. Mwanatumu alimbana bintiye akageuka kumtafuta mama yake, lakini Bi Mize alikuwa ameshainuka. Alipita mbele yangu bila kunitazama, akatoka. Biriani lilipoa kwenye masinia, na mimi nilikwenda kwangu nikalia mpaka kichwa kikaniuma. Hata hivyo, katikati ya machozi yale, sikutamani kuyarudisha maneno yangu mdomoni.

Siku zilizofuata nilipishana na Bi Mize njiani mara nyingi, maana mji ni mdogo. Nilimpa shikamoo na hakuitikia. Wengine nao walibadili njia wakiniona. Khatibu alikesha na Hakima, akiogopa mtu asije akamzima. Hakuna aliyemzima, ila kina mama sasa walimwuliza kila kitu mara mbili, tena kwa ukali: nani kasema, na mlijaribu lini? Nilifurahi kwa hilo.

Raya alishikwa na uchungu mchana, mwezi wa nane ukiwa haujafika nusu. Nilikimbia na mkoba wangu huku nikijiuliza nani atakubali kumshika kwa nyuma, kwa kuwa Raya hana mama, na wanawake wakubwa wa mji hawakuwa wakisema nami.

Nikafungua pazia. Matofali yalikuwa yamekwisha pashwa moto na kutandikwa kitambaa. Raya alichutama juu yake, na aliyemshika makwapani alikuwa Bi Mize, ushungi umefungwa kiunoni, akimwambia sukuma, sukuma mwanangu, mtoto ana pa kwenda. Kule pembeni kitanda cha joto kilikuwa wazi, na ndani yake Bi Mize alikuwa ametandika kanga mpya.

Nilisimama pale mlangoni kama mgeni. Aliinua macho. Yalikuwa mekundu na makavu.

"Sijakusamehe," akasema. "Osha mikono."